Muhtasari Humfaa Aliyehudhuria Kikao

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wanafunzi wa udaktari, siku ya kuwakaribisha wanaoingia mwaka wa tatu. Wengine walikuwa zamu wodini, wengine hawakupata nauli ya kurudi mapema kutoka likizo, wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka yote, pamoja na utani wake. Picha nilizorusha ukutani nimeziacha.

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Viongozi wa chama cha wanafunzi, ahsanteni kwa kunialika. Wadogo zangu, hamjambo?

Niseme mapema kwamba sikuja kuwagombeza. Najua nusu yenu mmeshajiandaa kumsikia mtu mzima akisema kwamba enzi zetu tulisoma vitabu vinene kama tofali kwa mwanga wa koroboi, na kwamba nyinyi mmeharibika. Hapana. Enzi zetu umeme ulikuwepo, na uvivu ulikuwepo vilevile.

Sasa naomba mnyooshe mikono. Nani humu ndani ana kitabu chembamba kwenye begi lake? Kile cha muhtasari, kinachomaliza magonjwa ya moyo kwa kurasa chache, na vijedwali, na vifupisho, na rangi za hailaita mpaka ukurasa unafanana na khanga. Nyoosheni bila woga, walimu hawaandiki majina. Naona. Karibu wote. Na yule kule nyuma hajanyoosha kwa sababu amekikalia. Nakiona kutoka hapa.

Mimi pia ninacho, nimekuja nacho. Hiki hapa. Jalada lilitoka zamani, nikaweka karatasi ya kalenda. Kimefungwa ringi, na ringi yenyewe imeng'oka meno matatu. Ukurasa wa figo una doa la chai. Kitabu hiki kimenivusha mitihani, na kitabu hikihiki kimeniangusha. Mwaka wa tatu kiliniangusha, mwaka wa tano kikanibeba, wala herufi moja ndani yake haikuwa imebadilika. Je, ni kitu gani kilibadilika?

Kabla sijajibu, niwapeleke nyumbani kwetu kidogo.

Mama yangu alikuwa katibu wa kikundi cha vikoba mtaani. Mihtasari ya vikao aliiandika kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wa kulala, wino wa bluu. Siku moja nikiwa sekondari nilikuwa natafuta karatasi tupu nyuma ya lile daftari, nikakuta mstari huu: "Ajenda ya 4: Suala la sufuria. Lilijadiliwa kwa kirefu. Wajumbe waliafiki." Basi. Nikamuuliza mama, sufuria gani hiyo?

Mama akaweka chini mchicha aliokuwa anachambua. Akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka. Alinisimulia karibu saa nzima. Kumbe kikundi kilikuwa na sufuria kubwa la kukodisha kwenye harusi. Mjumbe mmoja alilipeleka kwa wakwe zake bila kulipia, likarudi limetoboka, akasema lilikuwa hivyo tangu zamani. Mwingine akatoa risiti. Kukawa na kulia, kukawa na kutoka nje, wawili wakakaa mwaka mzima bila kusalimiana. Yote hayo yalikuwa ndani ya maneno manane. Mama akiusoma ule mstari alisikia mpaka sauti za watu. Mimi nilipousoma niliona sufuria tu.

Wadogo zangu, kitabu chembamba ni muhtasari wa kikao. Muhtasari humfaa nani? Aliyehudhuria.

Turudi mwaka wangu wa tatu. Patholojia, lile somo la magonjwa yanavyoubadilisha mwili. Nilikuwa nimekesha na kitabu hiki wiki mbili, nimekipiga msuli mpaka kurasa naziona nikifumba macho. Vitabu vya patholojia vya maktaba sikuvigusa, na maabara ya hadubini nilikuwa nakwenda kusaini mahudhurio. Kwa nini nihangaike? Kila kitu kilikuwa humu. Saratani ya Burkitt, kwa mfano. Kitabu changu kiliipa mistari minne: uvimbe wa taya kwa mtoto wa Kiafrika, virusi vya Epstein-Barr, kromosomu ya 8 na ya 14 zimebadilishana vipande, kwenye hadubini, "nyota angani". Mistari minne, nimeimeza yote minne.

Nikaingia mtihani wa mdomo. Mtahini wa nje alikuwa mzee mpole, miwani imeshuka puani. Akanisogezea hadubini. Nikachungulia, moyo ukaruka kwa furaha. Nikasema, "Burkitt, Profesa. Nyota angani."

Akasema, "Vizuri. Nyota ni nini?"

Nikasema, "Nyota angani, Profesa."

"Nimekusikia. Nyota ni nini, na anga ni nini?"

Feni ya darini ilikuwa inalia kii, kii, kii. Nikasema nyota ni seli za saratani. Akatikisa kichwa taratibu, nikadhani ananisifu.

Nilikuwa nimeibeba picha nzima kichwa chini miguu juu. Seli za saratani ndizo anga: nyeusi, zimebanana, hazina pa kupitisha sindano. Nyota ni zile seli walaji, nyeupe-nyeupe, zilizokuja kula maiti za seli zilizokufa. Akaniuliza la pili: kwa nini kuna maiti nyingi kiasi hicho? Sikujua. Jibu ni kwamba uvimbe huu unazaliana kwa kasi ya ajabu, na penye kuzaliana kwa kasi hiyo seli hufa kwa wingi pia. Akaniuliza la tatu, akijaribu kuniokoa jamani, nami sikuona kamba: ukimpa mtoto huyu dawa, seli zote hizo zikafa kwa pamoja, figo zake zitapata nini? Potasiamu iliyomo ndani ya seli hizo itakwenda wapi? Mnaona? Kutoka kwenye nyota moja alikuwa ananipeleka mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Mimi nilibaki pale pale nimekamata neno "nyota".

Nilipata sapu, yaani kurudia mtihani. Wenzangu walikwenda likizo, mimi nikabaki bwenini na mbu.

Ile likizo ndiyo iliyonifundisha kusoma. Nilikwenda maktaba nikafungua kitabu kinene, nikitafuta ile mistari minne ilitoka kwenye kikao gani. Nikakuta kikao chenyewe kilianza mwaka 1957, Kampala, hospitali ya Mulago. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Haikupita muda akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1958 akaandika. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka karibu maili 10,000, kutoka Uganda kushuka kusini mwa Afrika, hospitali hadi hospitali, wakiwaonyesha watu picha na kuuliza: mmeshamwona mtoto kama huyu? Wakachora ramani. Uvimbe ulikuwa unafuata joto na mvua, mlemle inamopita malaria. Nyanda za juu zenye baridi, haupo.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa hotuba London. Ndani ya ukumbi alikuwemo mtafiti anaitwa Epstein. Akasikiliza, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakaviona virusi kwa hadubini ya elektroni. Mtu mmoja alihudhuria hotuba moja. Nyinyi mnaosinzia upande wa dirishani, nawaona.

Baada ya kuusoma mkutano wote huo nilirudi kwenye kitabu chembamba, kwenye mistari ileile minne. Haikuwa mistari tena. Taya nikaiona Mulago. Virusi nikaviona vinashuka kwenye ndege. Nyota zikakaa mahali pake. Tangu siku ile sijaisahau, wala sijaisoma tena.

Kwa hiyo je, nasema mtupe vitabu vyembamba? Hata kidogo. Na nisikie mtu akisema muhtasari ni uvivu wa vijana wa leo, nitacheka. Ibn Sina, yule tabibu wa kale mwenye ile Qanuni ya tiba, vitabu 5 vizima, alitunga pia utenzi wa tiba, beti zaidi ya 1,300, ili mwanafunzi aweze kuushika kwa moyo. Huyo ni mtu aliyefariki mwaka 1037. Karne ya 13 akaja Ibn al-Nafis akaifupisha Qanuni ikawa kitabu chepesi, na wanafunzi wakakigombania kama mnavyogombania desa la mwaka jana, yale makaratasi ya kopi.

Wenzangu wa Tanga, wa Unguja, wa Lamu, mliopita chuoni kwa shehe kabla ya kuja chuoni hapa, nyinyi mnalijua hili kuliko mimi. Unapewa matini: kijitabu kidogo, unakihifadhi. Lakini shehe anakuacha na matini peke yako? Hakuachi. Anakaa, anasoma mstari mmoja, halafu sharhe yake, yaani ufafanuzi, inakwenda mpaka adhana. Matini ni kamba ya kuning'inizia. Nguo ni sharhe. Na huyohuyo Ibn al-Nafis, habari iliyompa jina mpaka leo, kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni ndipo ifike kushoto, aliiandika wapi? Kwenye sharhe yake ya anatomia ya Qanuni, mwaka 1242. Alipokuwa anabishana na kitabu kinene, mstari kwa mstari.

Sasa niwaulize jambo la mtaani kabisa. Kitabu chako chembamba umekipata wapi? Najua. Umekipata steshenari ya nje ya geti, kopi ya kopi ya kopi. Sikulaumu. Kitabu halisi kinamaliza bumu, ile pesa yenu ya mkopo, na mtu anapaswa kula. Lakini hebu kifungue sasa hivi, hapo ulipo, unitafutie ukurasa wenye mwaka. Toleo la ngapi? La mwaka gani?

Haupo. Mwenye mashine anaanzia ukurasa wa yaliyomo, kwa sababu kurasa za mbele "hazina kitu" na kila ukurasa ni hela. Umeshika kitabu kisicho na umri.

Rafiki yangu wa chumba kimoja aliponzwa na hilo. Mtihani wa magonjwa ya watoto, swali la malaria kali: utampa dawa gani? Akaandika kwinini, na dozi yake sawasawa, na tahadhari ya sukari kushuka, kazi safi. Ila miaka miwili kabla, 2010, ulikuwa umetoka utafiti wa AQUAMAT: watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti walikufa asilimia 8.5. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo mwaka 2011. Kopi ya rafiki yangu ilikuwa imezeeka, na haikuwa na ukurasa wa kumwambia hivyo. Leo ukija kwangu ukasema kwinini ndiyo ya kwanza kwa mtoto huyo, nitakuuliza kwanza ulinunua wapi desa.

Na rangi je? Kopi haina rangi. Bakteria wa gramu chanya ni zambarau, wa gramu hasi ni waridi. Kwenye kopi yako wote ni kijivu. Umekaa usiku kucha unatofautisha kijivu na kijivu. Ukifika kwenye sura hizo za kitabu, ndugu yangu, toa simu, tafuta picha yenye rangi, au nenda maabara.

Umri si neno pekee. Kuna nchi pia. Vitabu vingi kati ya hivi viliandikwa Marekani, kwa ajili ya hatua ya kwanza ya mtihani wao wa leseni: maswali yasiyozidi 280, siku moja, unachagua jibu moja. Mtihani ule siku hizi, tangu Januari 2022, hauna hata alama, ni kufaulu au kufeli. Kitabu kilichotungwa kwa ajili yake kinakufundisha kulitambua jibu likiwa limesimama mbele yako pamoja na wenzake wanne. Mtahini wako wa mdomo hatakupa wanne wa kuchagua. Atakupa hadubini, na feni.

Lakini hilo ni la mtihani. Kuna zito kuliko mtihani, nami ni daktari wa watoto, kwa hiyo mnivumilie hapa kidogo.

Kitabu changu kina mstari unasema hivi: mtoto mwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vizuri, maji ya mshipa mililita 20 kwa kilo, kwa kasi. Nimeupigia mstari mwekundu mara mbili. Kila mtu aliujua. Ungeamshwa usiku wa manane ungeusema.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST. Watoto 3,141, kutoka Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania. Kilifi ilikuwemo, Mulago ilikuwemo, Muheza ilikuwemo. Ni watoto wa wodi zetu hasa: homa kali, wanahema au wamelegea, na damu haizunguki vizuri, ukigusa mguu ni wa baridi. Wengine wakapewa yale maji kwa kasi, wengine wakapewa matibabu mengine yote bila maji ya kasi. Nani angekubali mwanawe awe kwenye kundi la pili? Ilionekana kama kuwanyima. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Kufikia saa 48, waliopewa maji ya kasi walikuwa wamekufa zaidi ya asilimia 10. Wasiopewa, asilimia 7.3.

Someni tena hapo mkifika nyumbani. Waliopewa ndio waliokufa zaidi.

Sasa msitoke hapa mkasema daktari kakataza maji. Mtoto wa kuharisha aliyekauka hakuwemo kwenye utafiti ule, wala mwenye utapiamlo mkali, wala aliyeungua moto. Kila mmoja ana njia yake. Ndiyo maana nasema mstari mmoja hautoshi. Ule mstari wa mililita 20 ulikuwa muhtasari wa kikao fulani, kilichofanyika mahali penye mashine za kupumulia, na watoto wengine, na magonjwa mengine. Sisi hatukuwa kwenye kikao hicho. Wala mtoto wa Muheza mwenye malaria na damu iliyopungua hadi gramu 4 hakuwa kwenye kikao hicho. Pembeni ya kitabu chako chembamba lazima ukae mwongozo wa matibabu wa taifa, toleo jipya, na vikipingana, mwalimu wako atakuuliza la mwongozo, na mgonjwa wako pia ni wa mwongozo.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nakuja, mwenyekiti.

Mwaka wa tano tulikuwa wanne kwenye kimbweta kimoja, yale mabenchi ya kusomea nje, chini ya mwembe, kila jioni baada ya wodi. Tulikuwa na kitabu chembamba kimoja kwa watu wanne, kwa sababu ya ukata. Na ukata ule ulitusaidia kuliko hekima yoyote. Kitabu kimoja, watu wanne, nani akishike? Tukaweka sheria: kitabu kinashikwa na anayeuliza, wanaojibu hawakioni.

Hatukujua kwamba kulikuwa na watu wameshalipima jambo hilo. Mwaka 2006, Marekani, Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja likasoma mara mbili. Kundi la pili likasoma mara moja, kisha likafunika likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Ndiyo maana ukimaliza kukisoma kitabu chembamba mara ya pili unajisikia umeiva. Baada ya wiki? Waliorudia walikumbuka asilimia 42. Waliofunika walikumbuka 56. Na mtihani hauji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo tulifunika. Ilikuwa inauma. Unaulizwa sababu za potasiamu kupanda, unataja mbili, unatazama mwembe. Mwembe hauna jibu. Aliyeshika kitabu haruhusiwi kukuonea huruma. Kesho yake unataja nne.

Na kulikuwa na jambo la pili lililozaliwa pale. Vifupisho vya kitabuni ni vya Kiingereza, vinatengeneza neno la Kiingereza, na kukumbuka lile neno peke yake ni kazi ya pili. Mwenzetu mmoja alitokea kwenye mashamba ya pamba, sumu ya wadudu anaijua tangu utotoni. Tukafika kwenye sumu za jamii ya oganofosfeti. Kitabu kina kifupisho chake, tukawa tunakwama nacho. Yule bwana akasema, "Jamani, mtu wa sumu hii anatoka maji kila mahali. Hesabuni." Akaanza na vidole: mate, machozi, makamasi, mkojo, mavi, matapishi. Tukatazamana. Zote ni M! Tukaongeza: mboni zimesinyaa, mapigo yamepungua, misuli inachezacheza. M tisa. Nikaziandika pambizoni, hapa, ukurasa huu, kwa penseli. Mnaona kurasa zangu zilivyo? Chapa ni kidogo, penseli ni nyingi. Kufikia mwaka wa tano hiki hakikuwa tena kitabu cha mwandishi. Kila raundi niliyotoka nilikuja nikaongeza neno moja au mawili: alichosema bingwa, alichosema sista, mgonjwa wa kitanda cha 6 alivyokuwa.

Niwape usiku mmoja tu, halafu nikae.

Nikiwa daktari mtarajali, hospitali moja ya mkoa, zamu ya usiku, aliletwa kijana kwenye bajaji. Alikuwa amenyunyizia nyanya sumu ya wadudu kutwa, na pampu ya mgongoni ilikuwa inavuja. Shati limelowa kuanzia shingoni. Alikuwa anatoka povu, anahema kama mtu aliyezama majini, suruali imeharibika. Nikamulika macho: mboni kama ncha ya pini. Sikuhitaji kufungua kitu. Zilikuja zenyewe, kwa sauti ya yule mwenzangu, kidole kwa kidole. Mate, machozi, makamasi.

Kitabu kilisema: atropini. Sista wa zamu, mama mtu mzima, alisema, "Daktari, kwanza tumvue hilo shati." Akamvua, akamwosha kwa sabuni na maji tele, huku mimi nachoma atropini. Hilo la shati kwenye kitabu changu halikuwepo. Sasa lipo, hapa chini.

Tukaanza. Dozi, dakika tano, tunasikiliza. Mara mbili yake, dakika tano, tunasikiliza. Ampuli zikaanza kujaa kwenye sahani. Saa nane za usiku mapigo yamepanda, lakini mboni bado ndogo. Sista akanitazama. "Tumefika au tuendelee?"

Hapo ndipo nilipokitoa kitabu kwenye koti. Mstari uliochapwa ulikuwa na jina la dawa tu. Lakini pembeni kulikuwa na penseli yangu ya mwaka wa tano, kutoka raundi moja ya asubuhi ambayo bingwa alisimama kitandani muda mrefu mpaka miguu ikatuuma sote, akituuliza lile swali moja: mtajuaje kwamba atropini imetosha? Nilikuwa nimeandika: "Mboni huchelewa. Sikiliza kifua."

Nikaweka stethoskopu. Chini kulia bado kulikuwa kunachemka, kama chai inayoanza kuivisha maziwa. Nikamwambia sista tuendelee. Tuliendelea mpaka karibu saa kumi, kifua kikakauka pande zote. Alfajiri yule kijana aliomba maji ya kunywa, kisha akauliza pampu yake iko wapi, maana alikuwa ameiazima.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Nina dakika kumi za maswali kabla sijarudi wodini. Na wewe wa kule nyuma, kinyanyukie sasa hicho kitabu, ringi itakuchoma.